Ufugaji wa mjusi-kafiri buluu

Ufugaji wa mjusi-kafiri buluu ni kazi ya kutunza na kuzalisha kifungoni mjusi mdogo anayeitwa kisayansi Lygodactylus williamsi. Mjusi huyu hupatikana porini katika eneo dogo sana la Tanzania, hasa katika Msitu wa Kimboza ulio chini ya Milima ya Uluguru, upande wa Mkuyuni na Matombo, Mkoa wa Morogoro. Kwa sababu ya rangi ya buluu inayong'aa ya dume, spishi hii ilianza kutafutwa sana na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia katika miaka ya 2000, na maelfu ya mijusi walikamatwa msituni.

Leo spishi hii imewekwa katika kundi la zile zilizo hatarini kabisa kutoweka, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mijusi waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Hata hivyo mijusi hawa bado wanafugwa na kuzaana katika nyumba za watu na katika bustani za wanyama, mbali na Morogoro. Kuangua mayai yao si kazi ngumu kwa mtu mwenye uvumilivu. Suala linalobishaniwa zaidi ni asili ya wazazi, na kama ufugaji huo unausaidia msitu au unauharibu.

Maelezo ya mnyama

Mjusi-kafiri buluu ni wa jenasi Lygodactylus katika familia Gekkonidae. Mijusi wa jenasi hii ni wadogo kuliko mijusi-kafiri wanaoonekana usiku karibu na taa za nyumba. Tena, tofauti na hao, hukiakia mchana na kulala usiku, na mboni ya jicho lao ni duara. Chini ya vidole wana vigozi vyenye nywele nyingi ndogo mno zinazowawezesha kutembea juu ya majani laini bila kuteleza. Ncha ya mkia ina vigozi vya namna hiyo pia, kwa hiyo mkia hutumika kama mguu wa tano.

Mtu mzima ana urefu wa sentimita 5 hadi 8 pamoja na mkia. Dume aliyetawala eneo lake ana rangi ya buluu kali mgongoni, mistari mizito myeusi kooni na rangi ya machungwa tumboni. Jike ni wa kahawia, shaba au kijani, na koo lake lina weusi kidogo au halina kabisa. Makinda hufanana na majike. Rangi ya dume hubadilika kufuatana na joto, hofu na cheo chake: dume aliyeshindwa na mwenzake huweza kubaki na rangi hafifu kama ya jike. Jambo hili limewapotosha wafugaji wengi wanaodhani wana dume na majike, kumbe wana madume wawili.

Spishi hii ilielezwa kisayansi mwaka 1952 na Arthur Loveridge, mtaalamu wa watambaazi aliyewahi kufanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Jina williamsi linamkumbuka John G. Williams, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi.

Mjusi huyu hana sumu. Imani kwamba mijusi-kafiri hutia sumu katika chakula au hudhuru ngozi ya mtu imeenea katika Afrika ya Mashariki, lakini mijusi wa familia hii hawana tezi za sumu.

Makazi

Msitu wa Kimboza uko kusini-mashariki mwa mji wa Morogoro, katika vilima vya chini vya Uluguru karibu na Mto Ruvu. Barabara inayotoka Morogoro kupitia Kiroka na Mkuyuni kwenda Matombo inafika huko. Kuuzunguka kuna vijiji na mashamba ya Waluguru yenye migomba, mihogo, miti ya matunda na viungo. Msitu wenyewe una ukubwa wa hektari 400 hivi, yaani kilomita za mraba 4 tu, na uko kwenye kimo cha takriban mita 170 hadi 480 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa yake imeota juu ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango. Msitu wa nyanda za chini wa aina hii umebaki kidogo sana, kwa maana ardhi iliyo chini ya milima ndiyo iliyolimwa kwanza.

Ndani ya msitu huo mjusi-kafiri buluu hukaa karibu daima juu ya mti mmoja, yaani mkadi wa spishi Pandanus rabaiensis. Mkadi huu una majani marefu yaliyopangwa kwa mzunguko na yenye miiba kwenye kingo zake. Katikati ya majani, pale yanaposhikana na shina, maji ya mvua hukusanyika na majani makavu hurundikana. Mjusi hupata humo maji ya kunywa, wadudu wa kula, mahali pa kujificha na mahali pa kutagia. Kwa kawaida mkadi mmoja huwa na dume mzima mmoja, jike mmoja au zaidi, na makinda. Dume hulinda mkadi wake na kuwafukuza madume wengine.

Kwa hiyo idadi ya mijusi inategemea idadi ya mikadi. Uchunguzi uliofanyika mwaka 2009 ulikadiria kwamba Kimboza ilikuwa na mijusi 150,000 hivi. Idadi hii inaonekana kubwa, lakini wote walikuwa katika eneo ambalo mtu anaweza kulivuka kwa miguu kwa muda mfupi. Nje ya Kimboza spishi hii inajulikana katika Msitu wa Ruvu ulio jirani na katika vipande vichache vidogo vya msitu.

Uzazi

Jike hutaga mayai mawili kwa mara moja, na mara nyingine moja tu. Yai ni la mviringo na lina upana wa milimita 5 hadi 6, yaani dogo kuliko punje ya njegere. Linapotoka mwilini kaka lake huwa laini na lenye kunata. Jike hulishika kwa miguu ya nyuma na kulibandika mahali pa siri, kama vile kwenye shina la jani. Kisha kaka hukauka hewani na kuwa gumu kama la yai la ndege. Tangu hapo yai haliwezi kubanduliwa bila hatari ya kupasuka.

Chokaa ya kaka hutoka katika akiba ya jike. Mijusi wengi wa familia hii wana vifuko viwili pembeni mwa shingo vinavyohifadhi madini ya kalisi. Jike anapokaribia kutaga, vifuko hivyo huonekana kama uvimbe mweupe chini ya ngozi. Mtu asiyejua hufikiri kwamba ni ugonjwa.

Wazazi hawaatamii mayai. Joto la mazingira ndilo linalokuza kiinitete. Jike mwenye afya anayepata chakula cha kutosha anaweza kutaga tena baada ya wiki mbili au tatu, na huendelea hivyo kwa miezi kadhaa. Huu ndio msingi wa ufugaji: jozi moja tu inaweza kutoa makinda mengi kwa mwaka.

Utunzaji kifungoni

Mijusi-kafiri buluu hufugwa katika sanduku la kioo lililosimama, yaani lenye kimo kikubwa kuliko upana wake, kwa sababu hukaa juu na hawashuki chini mara kwa mara. Ndani yake huwekwa vipande vya mianzi, matawi na mimea yenye majani magumu ili kuiga mkadi. Kundi la kawaida ni dume mmoja na jike mmoja au wawili. Madume wawili hawawekwi pamoja, kwa maana mnyonge hawezi kukimbilia mkadi mwingine kama angefanya msituni, na hufa kwa majeraha au kwa kukosa chakula.

Mambo manne hutazamwa kila siku:

Joto. Mchana sehemu kubwa ya sanduku huwa na sentigredi 24 hadi 28. Chini ya taa huachwa sehemu yenye joto zaidi, kama sentigredi 32, ili mjusi aote na kisha aondoke mwenyewe. Usiku joto hushuka hadi sentigredi 20 au 22. Kushuka huku ni kwa kawaida na si hatari.

Mwanga. Kwa sababu hukiakia mchana, mijusi hawa wanahitaji miale ya urujuanimno ili miili yao itengeneze vitamini D3. Mwanga wa jua unaopita katika kioo cha dirisha hautoshi, kwani kioo cha kawaida huzuia miale hiyo. Wafugaji wa nchi za baridi hutumia taa maalumu zinazobadilishwa mara kwa mara, kwa sababu nguvu ya miale hupungua hata kama taa bado inawaka.

Unyevu. Sanduku hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Mijusi hulamba matone kwenye majani na mara nyingi hawanywi katika bakuli. Baada ya kunyunyizia, hewa lazima ipite, la sivyo ukungu huota na mijusi huugua mapafu.

Chakula. Hulishwa inzi wa matunda, nyenje wachanga na wadudu wengine wadogo wasiozidi upana wa kichwa chao. Hupenda pia matunda yaliyopondwa na utamu wa maua, kwa hiyo hupewa kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Wadudu hupakwa unga wa kalisi kabla ya kutolewa.

Kukosa kalisi au miale ya urujuanimno husababisha ugonjwa unaofanana na matege ya watoto: mifupa hulainika, taya hupinda na miguu hutetemeka. Jike huathirika kwanza, kwa sababu kila yai huchukua sehemu ya akiba yake. Ndiyo maana jike aliyetaga mara nyingi mfululizo hutengwa na dume kwa muda ili apumzike.

Kutunza na kuangua mayai

Katika sanduku lenye mianzi jike huchagua mara nyingi kutaga ndani ya kipande cha mwanzi chenye tundu. Mfugaji mwenye uzoefu huweka mianzi mifupi inayoweza kutolewa. Baada ya mayai kukauka, kipande chote huhamishiwa katika chombo kingine bila kugusa mayai yenyewe. Ikiwa yamebandikwa kwenye kioo au kwenye jani la mmea ulio hai, hufunikwa papo hapo kwa kikombe kidogo chenye matundu. Kikombe hicho kina kazi mbili: kuzuia wazazi wasile makinda yanayoanguliwa, na kumwezesha mfugaji kuyapata makinda ambayo yangepotea katika nyufa ndogo.

Mtu aliyezoea kuku huweza kukosea hapa. Kuku hugeuza mayai yake kila siku, na mashine za kutotolesha vifaranga hufanya vivyo hivyo. Ndani ya yai la kuku kuna nyuzi zinazoshikilia kiini katikati. Yai la mjusi halina nyuzi hizo. Siku chache baada ya kutagwa kiinitete hujishika kwenye utando wa juu wa ndani ya kaka, na yai likigeuzwa huweza kuzama na kufa. Kwa sababu hiyo yai la mjusi huachwa katika upande ule ule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Tarehe ya kutagwa huandikwa kwenye chombo.

Chombo cha kuangulia kinaweza kuwa sanduku dogo la plastiki lenye matundu machache. Ndani yake, kando ya mayai, huwekwa kitambaa au sifongo iliyoloweshwa ili hewa iwe na unyevu. Maji hayatakiwi kuyagusa mayai. Kaka gumu linapitisha hewa kidogo kidogo, na likifunikwa na maji kiinitete hukosa oksijeni. Joto la sentigredi 24 hadi 28 linatosha, na mabadiliko madogo kati ya mchana na usiku hayaleti madhara. Joto likizidi sentigredi 30 kwa muda mrefu hatari huongezeka. Kwa joto hilo la wastani makinda hutoka baada ya siku 60 hadi 90 hivi: mapema katika joto la juu, baadaye katika joto la chini.

Baada ya wiki mbili au tatu yai linaweza kumulikwa kwa tochi ndogo kutoka upande. Yai lenye kiinitete huonyesha rangi ya waridi na mishipa myekundu. Yai lisilorutubishwa hubaki njano na tupu, kisha hubonyea. Hata hivyo mayai yenye shaka hayatupwi mapema, kwani baadhi huonekana mabovu hadi siku chache kabla ya kuanguliwa. Karibu na siku ya mwisho yai huwa jeusi kidogo kwa sababu ya ngozi ya kinda iliyo ndani.

Kinda hupasua kaka kwa meno mawili madogo yaliyo kwenye ncha ya taya la juu. Meno hayo hudondoka baadaye. Watambaazi wengine wanaotaga, kama nyoka, wana jino moja tu la namna hii. Baada ya kutoka, kinda huambua ngozi yake ya kwanza na kwa kawaida huila. Huanza kuwinda baada ya siku moja au mbili. Huwekwa katika chombo kidogo peke yake au na wenzake wa rika moja, na hulishwa kila siku. Chombo kikubwa hakifai, kwa maana kinda huweza kufa njaa akiwa na chakula upande wa pili. Madume huanza kuonyesha rangi yao wanapokaribia ukubwa wa mtu mzima, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja wengi huwa tayari kuzaa.

Tofauti na mjusi-kafiri chui

Vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa kuhusu spishi nyingine, Eublepharis macularius, inayoweza kuitwa mjusi-kafiri chui kwa sababu ya madoa yake. Asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa Uhindi. Ni mmoja wa mijusi wanaofugwa zaidi duniani. Maagizo yanayomfaa huyo yanaweza kuua mayai ya mjusi-kafiri buluu, na kinyume chake.

Mjusi-kafiri chui ni wa familia nyingine. Ana kope zinazofumba, hana vigozi vya kunatia chini ya vidole, hukaa ardhini na hukiakia usiku. Mayai yake, mawili kwa mara moja, yana urefu wa sentimita 3 hivi na kaka laini kama ngozi. Jike huyafukia katika udongo wenye unyevunyevu. Kaka hilo hufyonza maji kutoka pembeni na yai huongezeka uzito linapokua. Kwa hiyo huangulishwa yakiwa yamezikwa nusu katika vermikulaiti au perlaiti iliyoloweshwa kidogo. Yakiwekwa katika hewa kavu kama ya mayai yenye kaka gumu, hunywea. Mayai ya mjusi-kafiri buluu yakizikwa katika vermikulaiti yenye maji, hufa kwa kukosa hewa.

Kwa mjusi-kafiri chui joto huamua pia jinsia ya makinda. Mayai yakikaa kwenye sentigredi 26 hivi, karibu makinda yote huwa majike. Kwenye sentigredi 32 hadi 33 wengi huwa madume. Kwenye sentigredi 34 au zaidi majike huongezeka tena, lakini makinda mengi zaidi hufa au huwa na kasoro. Wafugaji hutumia kidhibiti joto ili kupata jinsia wanayoitaka.

Tofauti nyingine ni ya kihistoria. Mjusi-kafiri chui amezalishwa kifungoni kwa miongo mingi, na wanyama wanaouzwa Ulaya na Marekani kwa kawaida wamezaliwa huko kwa vizazi vingi. Mjusi-kafiri buluu aliingia sokoni ghafla, na karibu wote wa mwanzo walitoka moja kwa moja kwenye mikadi ya Morogoro.

Historia ya biashara

Kabla ya mwaka 2000 spishi hii ilijulikana na wataalamu wachache. Miaka michache baadaye picha za dume la buluu zilienea, na wanunuzi walianza kulipa bei kubwa. Watu walitumwa msituni kuwakamata. Inakadiriwa kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 32,000, na huenda hadi 42,000. Wengi walikufa kabla ya kufika kwa mnunuzi, kwa sababu ya msongamano, kiu na joto katika safari.

Namna ya kukamata ilikuwa na madhara kuliko idadi yenyewe. Mjusi aliye katikati ya majani yenye miiba, juu ya shina refu, si rahisi kushikwa. Kwa hiyo wakamataji waliangusha mkadi wote. Mkadi mmoja ulioangushwa uliondoa dume, majike yake, makinda, mayai yaliyobandikwa na makao ambayo mijusi wengine wangeweza kuyatumia. Mjusi aliyechukuliwa anaweza kurudishiwa nafasi na kizazi kipya ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mkadi mkubwa huchukua miaka mingi kukua.

Mamlaka za Tanzania hazikuwahi kutoa kibali cha kusafirisha spishi hii nje. Ilisafirishwa kwa kuchanganywa na spishi nyingine za jenasi Lygodactylus zilizokuwa na vibali, au kwa kuandikwa jina jingine. Wanakijiji waliokamata walipata sehemu ndogo sana ya bei iliyolipwa na mnunuzi wa mwisho.

Msitu una matatizo mengine yasiyohusu biashara hii. Moto unaoanzia mashambani huingia wakati wa kiangazi. Miti hukatwa kwa mbao na mkaa. Tena mti wa kigeni Cedrela odorata, uliopandwa huko zamani kwa ajili ya mbao, umesambaa na kuchukua nafasi ya miti ya asili, ukiwemo mkadi.

Sheria

Mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili (IUCN) uliiweka spishi hii katika kundi la zile zilizo hatarini kabisa kutoweka. Desemba 2014 Umoja wa Ulaya uliiingiza katika orodha ya spishi ambazo uingizaji wake unasimamiwa. Mwaka 2016, katika mkutano wa 17 wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, Tanzania na Umoja wa Ulaya walipendekeza iwekwe katika Kiambatisho cha I. Pendekezo lilikubaliwa na kuanza kutumika Januari 2017. Mwaka huo huo wa 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Ndani ya Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali. Mtu anayeishi Mkuyuni au Morogoro mjini hawezi kuchukua mjusi-kafiri buluu msituni na kumfuga nyumbani, hata kama nia yake ni kumzalisha.

Katika Umoja wa Ulaya mfugaji anayetaka kuuza makinda anahitaji cheti kinachothibitisha kwamba yamezaliwa kifungoni. Kwa mujibu wa azimio la CITES lililopitishwa Harare mwaka 1997, kuzaliwa katika sanduku la kioo hakutoshi. Wazazi wa mwanzo lazima wawe wamepatikana kwa njia halali na bila kuidhuru spishi porini, na mfugaji lazima aweze kuzalisha hadi kizazi cha pili. Hapo ndipo ugumu unapojitokeza, kwani nchi ya asili haikutoa kibali chochote.

Ufugaji na uhifadhi

Wanaotetea ufugaji wanasema kwamba kinda aliyezaliwa kifungoni ana afya bora kuliko mjusi aliyesafirishwa kutoka porini, hana vimelea vingi na ni rahisi kumlisha. Kwa hiyo wanunuzi wenye busara humpendelea, na haja ya kwenda Kimboza hupungua. Wanasema pia kwamba elimu yote kuhusu mayai, joto na ukuaji wa makinda imetokana na wafugaji. Bustani za wanyama zinaweza kuwa na akiba ya mijusi endapo msitu utaungua.

Wanaopinga wanajibu kwamba mjusi wa porini na mjusi wa kifungoni hawawezi kutofautishwa kwa macho. Mfanyabiashara anaweza kumkamata jike mwenye mimba, kungoja atage, kisha kuuza watoto kama wanyama wa kufugwa. Tena biashara halali huendeleza mapenzi ya kumiliki rangi hiyo, na faida yake haifiki kwa vijiji vinavyouzunguka msitu.

Pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja. Mijusi wengi kifungoni hawawezi kurudishwa mahali pasipo na mikadi. Vizazi vilivyochanganywa bila kumbukumbu havijulikani vimetoka kipande gani cha msitu, na huweza kubeba magonjwa. Kinachohitajika kwanza ni kuzuia moto, kuondoa Cedrela, kuacha mikadi isimame na kupanda mingine, pamoja na kuwapa majirani wa msitu sababu ya kuulinda. Ufugaji unaweza kuisaidia kazi hiyo, lakini hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kuona mayai bila kufuga

Wanafunzi wanaotaka kujua jinsi mayai yenye kaka gumu yanavyoanguliwa hawahitaji kukamata mjusi yeyote. Mjusi-kafiri wa nyumbani Hemidactylus mabouia hutaga mayai mawili meupe ya mviringo nyuma ya picha, katika nyufa za ukuta, kwenye dari au nyuma ya kabati. Mara nyingi majike kadhaa hutumia mahali pamoja, na makaka ya zamani hubaki humo. Mayai yakiachwa mahali pake, mtu anaweza kuandika tarehe aliyoyaona, kupima joto la chumba kila siku na kungoja. Kwa kawaida huchukua takriban miezi miwili. Kaka lenye tundu safi huonyesha kwamba kinda ametoka. Kaka lililobonyea au lenye sisimizi huonyesha kwamba yai liliharibika.

Kwa njia hiyo darasa linaweza kulinganisha chumba cha baridi na chumba cha joto, ukuta wa udongo na ukuta wa saruji, masika na kiangazi. Ni maswali yale yale ambayo wafugaji wa mjusi-kafiri buluu huyajibu kwa taa na vidhibiti joto.

Tazama pia

Mjusi-kafiri
Milima ya Uluguru
Mto Ruvu
Mkadi
CITES